Vali Inayosikia Neno Dogo

Kijana aliyekuwa akiniuzia ile vali aliipiga kofi ubavuni kama mtu anayesifia ng'ombe wake mnadani. "Papa, iko mupya kabisa," akasema, na kweli iling'aa: kichwa cha buluu, bodi ya kijivu, bolti zimepakwa grisi. Ilikuwa imelazwa juu ya magogo mawili nyuma ya ukuta wa karakana moja hapa Panda, katikati ya mota zilizokufa na marundo ya flanji. Nikaomba tuisimamishe. Nikaunga kompresa ndogo, regyuleta na geji, nikaweka kidole gumba kwenye fimbo, pale inapotoka kichwani kabla haijazama bodini, kisha nikapandisha hewa taratibu. Geji ikatoka baa 0.3 ikafika 0.4, ikafika 0.45, fimbo imetulia kama msumari ukutani. Ilipogusa 0.5 ikaruka kwa kishindo, milimita tano kwa mpigo mmoja.

Nikafunga hewa nikamwambia siichukui. Alishangaa. "Lakini papa, inafungua na inafunga."

Alisema kweli, na ndipo hapo wanunuzi wengi wanapopotelea. Kufungua na kufunga ni kazi ya vali ya kawaida, ile ya gurudumu au ya mpini, ambayo huulizwa swali moja tu: maji yapite au yasipite? Vali ya kuongoza huulizwa swali jingine, nalo huulizwa usiku na mchana bila kupumzika: yapite kiasi gani? Leo asilimia 42, baada ya sekunde kumi asilimia 43, halafu 42 na nusu. Anayeuliza ni kidhibiti kilichoko chumba cha uangalizi. Anayejibu ni ile fimbo. Ikiwa haisikii neno dogo, basi kidhibiti cha bei yoyote hakitaiokoa. Kipimo changu cha kwanza cha vali yoyote, mpya ama kuukuu, ni hicho: naiomba kidogo, nione kama itanipa kidogo.

Wazee wa huku waliofunzwa kwa Kifaransa huiita vanne, na wengi wao walijifunza kuisikiliza kwa kidole kabla hawajajifunza kuisoma kwenye karatasi. Panda ni moja ya komuni nne za mji wa Likasi, Katanga, pamoja na Likasi yenyewe, Kikula na Shituru. Enzi za Wabelgiji mji ulikuwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Jean Jadot, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906 na mali zake zikataifishwa 1967, iliweka hapa viwanda vyake vizito. Karakana Kuu za Panda, ambazo leo ni za kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, zimelea vizazi vya wakerezaji, wachomeleaji na wasubu vyuma. Jirani, Shituru, tangu 1929 kiwanda kilipoanza, kazi imekuwa ni kulowesha madini ya shaba katika asidi ya salfuriki, kisha kuitoa shaba kwa umeme. Asidi kali, asidi iliyozimuliwa, tope linalokwangua, maziwa ya chokaa, maji ya kupoza, mvuke: vyote hupita kwenye mabomba, na kwenye kila bomba panapotakiwa kipimo pana vali iliyosimama na kichwa chake cha duara kama uyoga. Sijui mahali panapofaa zaidi kujifunza ubora wa kitu hiki. Kasoro ambayo kiwanda cha maziwa kingeivumilia mwaka mzima, hapa hujitokeza ndani ya wiki.

Tuanzie kichwani, maana humo ndimo nguvu iliko. Fungua bakuli hilo na utakuta kiwambo cha mpira kilichotiwa nguo ndani yake, bamba la chuma, na springi moja kubwa au kadhaa ndogo. Hewa inasukuma kiwambo upande mmoja, springi inasukuma upande wa pili, na fimbo husimama pale wanapolingana. Ni ubunifu sahili kiasi kwamba umedumu zaidi ya karne moja. William Fisher alianzisha kampuni yake kule Marshalltown, Iowa, mwaka 1880. Samson ya Ujerumani ilianza 1907. Na fundi wa zamani hizo akifufuka leo atakitambua kichwa cha vali yako bila kuelezwa.

Ishara ya zamani ya hewa ni baa 0.2 hadi 1.0, au kwa vipimo vya Kimarekani paundi 3 hadi 15 kwa inchi ya mraba. Je, umewahi kujiuliza kwa nini isianzie sifuri? Kwa sababu sifuri ndiyo lugha ya bomba lililokatika. Ukiona 0.2 unajua umeambiwa "funga"; ukiona sifuri unajua hakuna anayesema nawe. Ishara ya umeme ya miliampea 4 hadi 20 imerithi busara hiyohiyo.

Sasa chukua kalamu. Kiwambo chenye eneo la sentimita za mraba 350, kikipewa baa 1, husukuma kwa nguvu ya kama kilo 350. Ni nyingi. Lakini kikipewa baa 0.2 husukuma kwa kilo 70 tu, na kama springi imepangwa kuanza kusogea kwenye 0.2, basi hizo kilo 70 ndizo springi ilizonazo za kukishikilia kizibo, kilicho mwisho wa fimbo, juu ya kiti chake vali inapokuwa imefungwa. Chukua kiti chenye kipenyo cha milimita 50. Maji ya baa 10 yakija kutoka chini ya kizibo yatakisukuma juu kwa karibu kilo 200. Sabini dhidi ya mia mbili: vali itainuliwa, itavuja, na watu watasaga kiti mara tatu wakidhani ugonjwa uko pale. Ugonjwa uko kichwani. Vali hiyo ilitaka springi ngumu zaidi, tuseme za baa 0.8 hadi 2.4, ambazo hushikilia kwa kilo 280 kabla hewa haijaingia, na pozishona, msaidizi wa vali nitakayemweleza baadaye, ya kuipa hewa hiyo ya juu. Kwa hiyo kwenye kibati cha maelezo, namba ya kwanza ninayoitafuta ni masafa ya springi, halafu mwendo wa fimbo, ndipo jina la kampuni. Kibati kikiwa kimepakwa rangi juu, nakwangua rangi. Kikiwa kimeng'olewa, bei inashuka nusu au naondoka.

Kuna swali moja ambalo ukilikosea haliharibu bidhaa tu, linaweza kuua mtu: hewa ikikatika, vali inakwenda wapi? Sisi wa Katanga hatuhitaji kufundishwa kwamba umeme hukatika. Umeme ukienda, kompresa inanyamaza, tangi la hewa linapungua, na baada ya dakika kadhaa springi ndiyo inayotawala. Kama hewa ndiyo hufungua, springi itafunga. Kama hewa ndiyo hufunga, springi itafungua. Vali ya kutilia asidi ifungwe na springi. Vali ya maji ya kupoza tanuru ifunguliwe na springi. Inaonekana wazi ukiisoma hapa, lakini nimeona mtu akipindua kichwa cha vali ili "kidhibiti kielewe vizuri zaidi," kwa kuwa ishara ilikuwa ikija kinyume na hakutaka kubadilisha mpangilio wa kidhibiti. Alitatua tatizo la siku njema akatengeneza msiba wa siku mbaya. Muuzaji asiyeweza kukuambia vali yake inakwenda wapi bila hewa, mwombe achomoe bomba mbele yako, uone mwenyewe.

Nisogee kwenye ukubwa, kwani hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na hupotea kwa nia njema. Mtu ana bomba la milimita 80, ananunua vali ya milimita 80. Inaingia vizuri, flanji zinakutana, kila mtu anafurahi. Kumbe vali haichaguliwi kwa bomba. Inachaguliwa kwa uwezo wake, ambao Wazungu wa Ulaya huuandika Kv: mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa moja wakati tofauti ya presha kabla na baada ya vali ni baa moja. Wamarekani wana Cv yao, ambayo ni Kv mara 1.16 hivi. Kuipata si kazi: chukua mtiririko unaoutaka kwa saa, uzidishe kwa kipeuo cha pili cha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji baada ya kuugawa kwa tofauti ya presha; yaani gawanya kwanza, tafuta kipeuo, ndipo uzidishe.

Tuseme una mchanganyiko wa shaba na asidi wenye uzito wa 1.1, unataka mita za ujazo 20 kwa saa, na umeacha baa 1 kwa ajili ya vali. Jibu ni Kv 21. Vali nyingi za kiti za milimita 50 zina Kv ya kama 40. Ile ya milimita 80 inaweza kufika 100. Ukiweka ya 100, na ikiwa ni ya mwendo ulionyooka, itafanya kazi yako ya kawaida ikiwa imefunguka asilimia 21 tu, na siku unayotaka mita 5 itakuwa kwenye asilimia 5, kizibo kinakaribia kugusa kiti. Hapo chini ndipo vali hutetemeka, kiti huchongwa na kasi ya maji, na kosa dogo la fimbo huwa kosa kubwa la mtiririko. Ukiweka ya 40, kazi hiyohiyo utaifanya kwenye asilimia 52, na siku ya mita 5 utakuwa kwenye 13. Bodi ndogo, bei ndogo, maisha marefu. Unapunguza bomba kwa koni mbili, moja kabla na moja baada, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Mimi vali yenye kipenyo sawa na bomba lake huitilia shaka mpaka nione hesabu.

Nimesema "mwendo ulionyooka" na lazima nieleze. Kizibo kinaweza kuchongwa ili kila hatua ya fimbo iongeze mtiririko uleule. Huo ndio ulionyooka. Kinaweza pia kuchongwa ili kila hatua izidishe mtiririko kwa kiwango kilekile: vali ya aina hiyo yenye uwiano wa 50 kwa 1 huongeza mtiririko kwa karibu nusu yake kila fimbo inapopanda asilimia 10. Katikati ya mwendo wake, asilimia 50, inapitisha asilimia 14 tu ya uwezo wake wote. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni mbovu. Si mbovu, imechongwa kwa ajili ya pampu na mabomba marefu, mahali ambapo mtiririko ukiongezeka presha inayobaki kwa vali hupungua, na hivyo viwili hurekebishana. Ukitazama kizibo mkononi utaitambua: chenye mwendo ulionyooka ni kifupi na kinene kama nusu ya yai, na cha kuzidisha ni kirefu chenye kiuno kinachopinda kama chupa. Mkerezaji mzuri wa Panda anaweza kukuchongea kizibo kipya kwa chuma cha pua ndani ya siku moja, lakini umpe cha zamani akipime kwa kiolezo. Nimeshaona cha kuzidisha kikizaliwa upya kikiwa pegi iliyonyooka, kwa sababu aliyetuma kazi aliandika tu "kizibo, milimita 50."

Jambo la flanji nalitaja haraka kwa kuwa limewarudisha wengi nyumbani mikono mitupu. Mabomba mengi ya zamani huku ni ya kipimo cha Ulaya, na vali zinazoingia siku hizi huja za kila kipimo. Flanji ya milimita 50 ya PN16 ina matundu manne, na duara linalopita katikati ya matundu lina kipenyo cha milimita 125. Ya inchi 2 ya daraja la 150 la Kimarekani ina matundu manne vilevile, lakini duara lake ni 120.7. Kwa macho ni pacha. Kwa bolti si pacha, na kuna watu wanaozilazimisha kwa kutanua matundu kwa moto. Usinunue flanji iliyotanuliwa matundu. Beba futi kamba yako sokoni.

Sasa vifaa vilivyotumika ndani, na hapa Likasi asidi ndiyo mwalimu. Asidi ya salfuriki ina tabia inayowakanganya wageni: ikiwa kali, ya asilimia 93 hadi 98, na ikiwa baridi, unaweza kuihifadhi kwenye chuma cha kaboni cha kawaida. Inakula kidogo, halafu inaacha juu ya chuma ngozi ya salfati, na ngozi hiyo inakilinda. Ukiizimua kwa maji, chuma hichohicho kinayeyuka. Basi mtu husema: asidi yangu ni kali, bomba langu ni la chuma na halijaliwa, vali ya chuma itatosha. Haitoshi. Ile ngozi ni laini, huoshwa na kasi, na hakuna mahali kwenye bomba zima penye kasi kuliko kati ya kizibo na kiti. Bodi inaweza kupona. Kizibo na kiti vitakwenda. Kwa asidi kali ninataka kizibo cha Aloi 20, ambayo ilibuniwa hasa kwa asidi hii, au vali iliyovikwa tefloni ndani yote. Kwa maji ya kuloweshea yenye asidi kidogo pamoja na shaba na chuma vilivyoyeyuka ndani yake, chuma cha pua cha 316 huvumilia vizuri kuliko kinavyovumilia asidi tupu ya nguvu ileile, maana hivyo vilivyoyeyuka hukisaidia kushika ngozi yake. Lakini maji hayo yakiwa na chumvi ya kloridi nyingi, sahau. Chukua sumaku ndogo: 316 iliyofuliwa haivutwi, au huvutwa kwa shida sana. Ya kusubu inaweza kuvutwa kidogo, kwa hiyo sumaku si hakimu, ila ikidakwa kwa nguvu na muuzaji anasema "inox", mazungumzo yameisha.

Tope na chokaa ni habari nyingine. Niliwahi kusimamia vali ya maziwa ya chokaa, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, iliyokuwa ya kiti na kizibo, nzuri, ya Ulaya, ya bei. Kazi yake ilikuwa kulinda kiwango cha asidi ndani ya tangi. Kila asubuhi chati ya duara ilituonyesha meno ya msumeno: kiwango kinapanda polepole, kinaanguka ghafla, kinapanda tena. Tulirekebisha kidhibiti wiki mbili nzima. Mwishowe mzee mmoja akasimama kando ya vali na bisibisi ndefu, ncha kwenye bodi, mpini sikioni, akakaa hivyo kama dakika tano. Akasema, "Inakwama, kisha inaruka." Tulipoifungua, chokaa ilikuwa imejenga ukoko mweupe kuzunguka kizibo na kupanda hadi kwenye fimbo. Kidhibiti kilikuwa hakina kosa lolote. Kilikuwa kinazungumza na kiziwi. Tuliweka vali ya bomba la mpira linalominywa na hewa, kitu cha bei ndogo kisicho na kiti wala kizibo wala fimbo inayogusa chokaa, na msumeno ukafutika kwenye chati. Kwa chokaa inayotokana na mawe kama ya machimbo ya Kakontwe hapa jirani, na kwa tope lolote lenye mchanga, ninachagua mpira unaominywa kabla ya kufikiria kingine chochote, hata kama hauna usahihi wa vali ya kiti. Mpira hauoni kutu wala ukoko. Siku unapochoka unabadilishwa kwa nusu saa.

Pakingi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote, na kwa maoni yangu inabeba nusu ya ubora wa vali. Ni pete zinazoizunguka fimbo zisivujishe. Za tefloni zenye umbo la V huteleza vizuri na hufaa mpaka kama digrii 200 za Selsiasi; za grafiti hustahimili moto zaidi lakini huing'ang'ania fimbo. Vali ya tefloni inaweza kusikia neno dogo bila msaada. Ya grafiti karibu kila mara huhitaji pozishona. Na adui wa zote mbili ni spana. Tone likionekana, mtu anabana nati. Likionekana tena, anabana kwa hasira. Mwisho fimbo imekabwa koo na ile nyongeza ndogo ya hewa inayopaswa kuisogeza haiwezi tena. Ile vali ya buluu niliyoikataa ilikuwa na ugonjwa huo, na sababu yake niliiona: fimbo ilikuwa na mchirizi wima. Pitisha ukucha kwenye fimbo, kwenda na kurudi. Ukucha ukikwama, pakingi yoyote mpya utakayoweka itakatwa na mchirizi huo, itavuja, itabanwa, itakwama. Fimbo inaweza kukerezwa upya. Ila usilipe bei ya vali nzima.

Kuhusu kuvuja kwenye kiti nina neno la kuwatetea wauzaji. Vali ya kuongoza yenye kiti cha chuma huvuja kidogo inapofungwa, na inaruhusiwa. Daraja la IV, ambalo ndilo la kawaida, linaruhusu sehemu moja kati ya elfu kumi ya uwezo wake. Kwa Kv 40 kwenye baa moja hiyo ni lita 4 kwa saa, mtiririko mwembamba unaoonekana kwa macho. Wanunuzi wengi humwaga maji juu ya kizibo kilichofungwa, wanaona matone upande wa chini, wanasusa. Wasisuse. Kama unataka bomba likauke kabisa, weka vali ya kufunga ya kawaida kabla yake. Kila kazi na mtu wake. Ninachotafuta kwenye kiti ni alama: mistari mikali iliyochongwa kama kwa kisu ni ya kasi kwenye uwazi mdogo, ushahidi kwamba vali ilikuwa kubwa mno kwa kazi yake. Vishimo vidogovidogo kama sifongo ni vya mapovu yanayopasuka, pale presha inaposhuka sana ndani ya vali maji yakachemka bila moto, kisha presha ikapanda na mapovu yakagonga chuma. Ikiwa bado kazini utaisikia kabla ya kuiona: inanguruma kama changarawe kwenye debe. Likasi iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, na hapa hata maji ya sufuria huchemka kabla ya kufika digrii 96. Kwa maji ya moto kwenye tangi lililo wazi, ule upungufu mdogo wa presha ya hewa unatosha kuisogeza vali kutoka kwenye usalama hadi kwenye changarawe.

Mwinuko huohuo unaigusa kompresa. Uwezo ulioandikwa kwenye kibati chake ni wa usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi, na uzito wa hewa unayoipata ni pungufu kwa karibu moja ya saba. Halafu kuna maji. Hewa ikibanwa hutoa maji yake kama nguo inavyokamuliwa, na kuanzia Novemba hadi Aprili hewa yetu imejaa maji. Ndani ya pozishona kuna tundu jembamba la hewa na kibamba kinacholikaribia na kuliacha. Kwa mchezo huo wa sehemu ndogo sana ya milimita, pozishona hujua fimbo iko wapi. Tone moja la maji yenye kutu na mafuta ya kompresa likifika hapo, kazi imeharibika. Wakati wa kiangazi ni zamu ya vumbi jekundu. Kabla hujailaumu vali, fungua filta ya hewa iliyo karibu yake uweke kitambaa cheupe chini. Kitambaa kitakuambia kwa sekunde moja.

Na pozishona yenyewe, je, ni ya lazima? Inapima fimbo iliko, inalinganisha na ilikoagizwa, inaongeza au kupunguza hewa mpaka viwili vikutane. Ni kitu kizuri mno. Lakini haiponyi fimbo iliyokwama. Inaisukuma kwa nguvu zaidi, fimbo inaruka kupita kiasi, inarudishwa, inaruka tena. Kwa hiyo ninapojaribu vali yenye pozishona, naijaribu kwanza bila pozishona, hewa moja kwa moja kichwani. Ikishasikia yenyewe ndipo naiunga na msaidizi wake.

Jaribio lenyewe nitalieleza mara moja. Weka vali wima. Funga saa ya kupimia kwenye nira, yaani ile fremu inayounganisha kichwa na bodi, ncha yake juu ya fimbo. Peleka hewa mpaka nusu ya mwendo, acha itulie. Kwa vali ya baa 0.2 hadi 1.0 yenye mwendo wa milimita 20, asilimia moja ni baa 0.008 tu, na fimbo inapaswa kusogea sehemu ya tano ya milimita. Panda asilimia moja, ngoja, soma. Panda tena, ngoja, soma. Mara tano juu, kisha mara tano chini, na tazama hasa ile hatua ya kwanza ya kugeuka, maana pale ndipo msuguano hujificha. Ikihitaji asilimia moja au mbili kabla ya kugeuka bila pozishona, ni vali ya heshima. Ikihitaji tano, ifungue uone kwa nini. Kama huna saa ya kupimia, chora mstari wa penseli kwenye fimbo, usawa wa ukingo wa nira, na uchukue muda wako.

Yule kijana aliniona nikifanya hivi kwa vali nyingine, ndogo, ya milimita 40, iliyokuwa imelala chini ya rundo bila rangi na kibati chake kimejaa vumbi. Masafa ya springi 0.4 hadi 2.0, mwendo milimita 15, hewa hufungua. Ukucha ulipita kwenye fimbo bila kukwama. Nilimpa yeye regyuleta, nikaweka kidole chake gumba pale changu kilipokuwa, nikamwambia apandishe polepole kadiri awezavyo. Akapandisha. Geji ilipopita 0.4, uso wake ukabadilika kabla macho yangu hayajaona kitu.

"Papa," akasema kwa sauti ya chini, "inatembea."